Naombeni ushauri: Mkristo kushika Shabati na mila za Kiyahudi, kuna tatizo?

Dereva_Kaskazini (mtoa mada):
Habari zenu wakuu. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, kipaimara nimepata, kwaya nimeimba, nipo Arusha naendesha watalii. Kuna kipindi nilibeba familia ya Kiyahudi kutoka Marekani, wale wanaoshika dini kweli, hadi sufuria zao walikuja nazo. Ijumaa tupo Serengeti baba akaniambia kesho gari lisiwashwe, hatutoki. Watu wamelipa hela ndefu halafu wanakaa kambini siku nzima! Jioni kabla jua halijazama mama akawasha mishumaa miwili, akajifunika macho kwa viganja akaomba. Baadaye baba akaita watoto mmoja mmoja akawawekea mikono kichwani, wa kiume akawabariki kwa yale maneno ya Mwanzo 48, Mungu akufanye kuwa kama Efraimu na kama Manase. Yule mdogo alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, anajinyonganyonga, baba hakumharakisha. Mimi baba yangu mkono wake nilikuwa naujua kwa makofi tu.
Toka hapo nasoma Torati kila wiki kwa mafungu yao, Ijumaa nawasha mishumaa, na moyo unatulia kuliko nikiwa kanisani. Je ni dhambi? Naomba msinitukane, sina amani kabisa.

Mpare_Asilia:
Karibu nyumbani mkuu, Sabato sio ya Wayahudi peke yao. Sisi Upareni tunayo toka 1903 wamisionari Wasabato wa Kijerumani walipofika Giti. Kwa bibi yangu Ijumaa mchana makande yameshaiva, kuni zimepasuliwa, maji yamejaa, jua likigusa mlima hakuna kuosha hata kijiko. Mimi nilikuwa nauchukia ule ukimya, leo nipo mjini nautafuta siupati. Njoo Jumamosi kanisani kwetu, wala huhitaji mishumaa.

Mwl_Neno:
Jamani tusidanganyane. Soma Matendo 15, mitume walikaa Yerusalemu wakalimaliza hili. Na sio jambo jipya, kule Antiokia miaka ya 386 na 387 Yohana Krisostomo aliwakemea Wakristo waliokuwa wanakwenda kwenye masinagogi siku za sikukuu. Unaanza na mishumaa unaishia Wagalatia 5:2, mkitahiriwa Kristo hatawafaidia neno.

Dereva_Kaskazini:
Mwalimu mbona umekimbilia tahiri? Mimi sijataja tahiri popote. Na hata kama, Abrahamu aliambiwa siku ya nane, Yesu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane, Luka 2:21 ipo.

Chalii_wa_Kijenge:
Swali la msingi halijaulizwa. KITIMOTO UMEACHA??

Dereva_Kaskazini:
Nimeacha.

Chalii_wa_Kijenge:
Arusha hii hii?? Pole sana kaka, hapo unahitaji maombi sio ushauri.

Mama_Wawili:
Mdogo wangu hapo kwenye tahiri umeruka kama umekanyaga kaa la moto. Umeoa? Mkeo anasemaje? Maana umeandika mistari yote hiyo huyo mtu hayupo.

Dereva_Kaskazini:
Mke wangu ni mtu mwelewa. Tusimuingize humu.

Mama_Wawili:
Tayari yumo. Sema.

Dereva_Kaskazini:
Sawa. Ana mimba ya miezi nane, ultrasaundi inaonyesha wa kiume. Nimeshaongea na daktari, siku ya nane mtoto atatahiriwa, advansi nimeshatoa. Ubatizo sitaki. Mke hajui. Kitimoto nilimwambia nimekatazwa sababu ya presha. Mama mkwe anakuja wiki ijayo kumhudumia mzazi na yeye ni mzee wa kanisa. Lakini mimi ndiye baba na ni agano sio uhuni, kwa hiyo naomba tujadili kama ni dhambi, mambo ya ndani niachieni.

Sheikh_Mtaa:
Huku kwetu wengine tunatahiri mtoto ana siku saba tu na hajawahi kuwa Myahudi hata mmoja. Ondoa hofu.

Msafiri_wa_Mbale:
Nimefanya kazi Mbale, Uganda, nimewahi kukaa na Abayudaya, wale Waganda wanaoshika dini ya Kiyahudi, pale mlima wa Nabugoye. Mwanzilishi wao Semei Kakungulu alijitahiri yeye na wanawe 1919, wanasimulia aliambiwa hayo ni mambo ya Kiyahudi akasema basi mimi ni Myahudi. Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa kujificha. Pamoja na yote hayo, 2002 mamia yao walisimama mbele ya marabi wakaulizwa maswali na kuzamishwa majini ndipo wakapokelewa rasmi. Sasa wewe sikiliza. Kwa sheria yao mtoto anafuata mama. Mkeo ni Mlutheri, hivyo mwanao ukimtahiri siku ya nane kwa daktari wa kawaida anabaki Mlutheri aliyetahiriwa. Na rabi wa kweli ukimfuata kwanza atakukatisha tamaa, maana kwao mtu asiye Myahudi zinamtosha zile amri 7 za Nuhu. Hiyo Shabati hawakudai.

Dereva_Kaskazini:
Hilo la mama nilishalisoma. Nilifikiri nikianza yeye atafuata taratibu.

Kijiwe_Makini:
Wakuu hii ni CHAI. Mwezi wa nane huu, nyumbu wapo Mara, kila gari Arusha lipo barabarani. Dereva gani yupo nyumbani kila Ijumaa jioni anawasha mishumaa? Na mke anayelala naye haioni? Mods fungeni uzi.

Mpare_Asilia:
Aisee hata mimi hapo nimeshtuka.

Dereva_Kaskazini:
Sio chai. Mishumaa nawasha stoo kwa rafiki yangu, nyumbani nasema nipo gereji. Na safari zinazogusa Jumamosi nakataa. Toka mwezi wa sita nimekataa karibu zote, nabeba za siku mbili tatu katikati ya wiki. Mke nimemwambia mwaka huu wageni hawapo.

Mama_Wawili:
Mungu wangu. Na hela ya kujifungulia?

Dereva_Kaskazini:
Anadunduliza ya kwake, anauza vitenge.

Msafiri_wa_Mbale:
Kaka, Shabati uliyoiona Serengeti mama ndiye aliyewasha mishumaa. Ya kwako mama wa nyumba anahesabu vitenge huku wewe upo stoo. Mwambie kabla mama mkwe hajashuka kwenye basi.

Kijiwe_Makini:
Kama ni kweli nafuta neno chai. Lakini daktari mpigie leo, hiyo advansi irudi.

Dereva_Kaskazini:
Daktari simpigii. Mke nitaongea naye, ila nikimwambia yote kwa mpigo atarudi kwao. Nianze na lipi, safari au mtoto?

Mama_Wawili:
Safari. Hela ndiyo aliyoisikia mwilini mwake. Halafu usiku huo huo mtoto.