Gari inalala nje ya geti Kinyerezi na wezi wa vifaa wameanza kupita, nianze na nini?

MamaIlham:
Wakuu habari za muda huu, naombeni ushauri maana huku kwetu hali imeanza kuwa mbaya. Nimepanga Kinyerezi, ndani ya fensi zinaenea gari mbili tu na zote ni za mwenye nyumba na mwanae, kwa hiyo IST yangu inalala nje pembeni ya ukuta. Mwezi huu jirani kaamka asubuhi kakuta saitimira (vile vioo vya pembeni) zote mbili hazipo na swichi za pawa windo zimeng'olewa mlangoni, haijapita muda, mwingine wa barabara ya juu kafunguliwa boneti wameondoka na betri na kontroli boksi (ile kompyuta ya injini), mpaka leo gari yake imekaa tu haiwaki, bei ya kontroli boksi imemshinda. Mimi hiyo gari ndio kazi, nasambaza mtindi madukani kuanzia alfajiri, ikilala siku moja mzigo unaharibika. Huyu ananiambia nifunge traka (kile kifaa cha kuonyesha gari lilipo), yule anasema kamera, mwingine alamu. Mfukoni nina kama laki mbili, bima yangu ni ile ndogo, na kuhama kwa sasa siwezi maana kodi nishalipa. Naombeni mnisaidie, nianze na nini?

Fundi_Waya:
Pole sana dada. Mimi ni fundi umeme wa magari, wateja wa hivi nawapokea kila wiki kwa hiyo ngoja nikueleze kwa urefu. Cha kwanza jua unaogopa mwizi gani. Kuna anayetaka gari zima na kuna anayetaka vifaa, hawa ni watu wawili tofauti na dawa zao tofauti. Traka ni ya yule wa gari zima. Mtu aking'oa saitimira traka haina habari, gari si ipo palepale. Kwa unavyoeleza, hao wenu ni wa vifaa, na hawachagui gari nzuri, wanachagua gari ambayo kifaa chake kinauzika haraka. IST, Vitz, Raum, Premio, Noah zimejaa mjini, kila siku kuna mtu anatafuta taa au kioo, ndio maana wanazipenda.

Kwa hiyo pesa yako anza kwa kufanya vifaa vyako visiuzike. Chora namba ya gari kwenye saitimira, taa za mbele na nyuma, vioo vyote vya milango mpaka swichi za pawa windo. Vijana wenye kile kimashine wapo kila kona na hawana gharama ya kutisha, ila simama hapohapo uangalie, na mwambie achore katikati ya kioo cha saitimira sehemu inayoonekana, asifiche pembeni maana pembeni wanasugua na inafutika. Muuza spea mwenye akili akiona namba ya gari ya mtu hataki, au anaitupia bei ya chini mpaka mwizi anaona hailipi. Halafu saitimira zipigwe ribiti, zile zinazobana kioo na kava lake. Haimzuii kabisa ila inamchelewesha na inapiga kelele, na mwizi wa vifaa akishaona kazi inachukua muda anahamia gari nyingine.

Boneti sasa, hapo wengi wanasahau. Betri, na kontroli boksi kwa gari ambazo ipo chini ya boneti, vinatoka kwa sababu ile kebo ya kufungulia boneti inafikika kirahisi. Tafuta fundi wa kuchomelea akuwekee loki ya pili ya boneti ya kufuli, na kibano cha chuma juu ya betri chenye kufuli yake. Kazi ndogo sana. Ukibakiwa na chenji weka swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta, hiyo ndio ya kumzuia anayetaka kuondoka na gari zima, na ni rahisi kuliko traka. Mahali ilipo usimwonyeshe mtu wa kar woshi wala dereva wa kuazima.

Kijana_wa_Tabata:
Hapa mnazunguka tu, huku kwetu tulimkamata mmoja tukampa kipigo cha kueleweka, miezi mingi sasa kimya. Hawa dawa yao ni tairi tu

MzeeSegerea:
Kijana wangu, hilo usimshauri mama wa watu. Mkimuua mtu kesi ni ya mauaji na watakaokwenda ndani ni ninyi, mwizi mwenyewe kishakufa na aliyekuwa anamnunulia vifaa yupo dukani kwake anaendelea. Nimeshuhudia vijana wa watu wanafungwa kwa mambo ya hivi, na aliyepigwa baadaye ikajulikana hakuwa mwizi, alikuwa anatoka zamu. Mkamateni, piga 112, mpelekeni kituoni akiwa mzima, akiwa mzima ndio atataja anapouza.

Mama Ilham, mimi kwangu naona gari moja haliwezi kujilinda peke yake. Huku Segerea tulikuwa tumezidiwa kuliko ninyi. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaitisha kikao, tukakubaliana kila kaya ichange na vijana wetu wenyewe wakaingia ulinzi shirikishi, majina yao yakapelekwa kwa polisi kata ili wanapozunguka usiku wajulikane. Kikao cha kwanza watu walilalamika kuhusu hela kweli, mwenye gari ndani ya fensi anakwambia mimi hainihusu. Tukamweleza kwamba anayekuja kwa gari la jirani akikosa anaruka ukuta kufuata mtungi wa gesi na tivii, akaelewa. Kingine ni taa. Ule uchochoro kama una giza mwombe mwenye nyumba mfunge taa ya sola yenye senso, inawaka mtu akipita, haijui LUKU wala kukatika kwa umeme. Magari yanayolala nje yapangeni pamoja, pua zielekee ukutani boneti isifunguke, msiache moja huku na jingine kule.

Wa_Donholm:
Nawasalimu kutoka Nairobi. Huku ni vilevile, mtu anaibiwa mataa usiku halafu kesho anaambiwa aende Kirinyaga Road kwenye maduka ya spea atapata, na ananunua. Mimi nilichora namba kwa kila kioo na taa na nikaweka nati za kufunga rimu, zile zinahitaji ufunguo wake. Na ndani ya gari usiache kitu, hata kama ni begi tupu au waya wa kuchajia simu. Mwenye kuvunja kioo hajui begi iko tupu, atavunja kwanza ndio aangalie.

Dalali_wa_Bima:
Naongezea kwenye bima kwa sababu watu wengi hawaelewi. Hiyo ndogo ya 118,000 kwa gari binafsi inamlipa mtu mwingine uliyemgonga, gari yako ikiibiwa hupati hata mia. Bima kubwa kwa gari binafsi inaanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari kisha unaongeza VAT asilimia 18. Gari ya milioni 12 hapo inakuja 495,600 kwa mwaka. Lakini kabla hujalipa soma mkataba sehemu ya wizi, mikataba mingi inalipa gari likiibiwa zima, saitimira au betri peke yake hawalipi, au wanalipa baada ya kukata kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe. Muulize dalali wako hilo swali moja kwa moja na akuonyeshe lilipoandikwa. Na ukiibiwa chochote nenda polisi ufungue RB (ile namba ya taarifa yako kituoni) siku hiyohiyo, bila RB madai hayaendi popote. Kadi ya gari isilale ndani ya gari jamani, beba kopi tu.

MamaIlham:
Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki, nimeandika yote. Maswali mawili. Kuchora namba hakutanishushia bei nikija kuuza? Na kuna jamaa ana yadi ya kulaza magari karibu na stendi, anachukua 2,000 kwa usiku, je nimpelekee tu nimalize? Halafu huyu jirani wa kontroli boksi kuna kijana kamwambia anayo kama yake kwa nusu bei, mimi roho inakataa.

Fundi_Waya:
Bei haishuki dada, mnunuzi wa hapa mjini akikuta IST vioo vyake vina namba ileile ya kwenye kadi anafurahi, anajua hivyo vifaa ndio vyake toka mwanzo. Ambacho kinashusha bei ni kukuta taa moja ina namba ya gari nyingine.

Huyo jirani mwambie asinunue kabisa. Kijana anayejua umeibiwa nini kabla hujatangaza kajuaje? Na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, akikutwa nayo kesi inakuwa yake. Akanunue dukani apewe risiti, na namba za hicho kifaa ziandikwe kwenye risiti. Huyo kijana taarifa zake apeleke kwa mpelelezi mwenye RB yake, hiyo ndio njia ya kuwapata waliobaki.

Dalali_wa_Bima:
Yadi ni sawa ila usimwachie ufunguo, na mwambie akupe karatasi ya kila mwezi yenye namba ya gari na jina lake. Akikataa kuandika hiyo karatasi usilaze gari pale.

MzeeSegerea:
Piga hesabu pia, 2,000 kwa usiku ni 60,000 kwa mwezi, na alfajiri unatembea gizani na ndoo za mtindi mpaka stendi, mwanamke peke yako. Hilo mimi silipendi. Laza yadi wakati mnasubiri kikao na loki ya boneti inatengenezwa, baada ya hapo rudisha gari nyumbani. Mwenyekiti wenu ofisi iko wapi, umeshaonana naye?

MamaIlham:
Bado mzee wangu, kesho nikimaliza kusambaza naanzia hapo na huyo jirani nakwenda naye. Kimashine cha kuchora nimeshampata kijana mmoja hapa Kinyerezi, anakuja jioni.