Programu yetu inasoma majani ya muhogo, mwekezaji ameshafika: niache ualimu?

Mwalimu_Tororo
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hesabu na kompyuta sekondari, hapa Tororo, mashariki mwa Uganda. Mimi na mwenzangu tumetengeneza programu ya simu: unapiga picha jani la muhogo, inakuambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia (yote mawili ni magonjwa ya virusi), utitiri wa kijani, ugonjwa wa bakteria, au jani ni zima. Tulianza na zile picha zaidi ya 21,000 za Chuo Kikuu cha Makerere na kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge, zilizowekwa Kaggle, tovuti ya data na mashindano ya modeli, tukaongeza zetu za huku na za upande wa Busia. Modeli, yaani ule ubongo wa programu tuliofundisha kwa picha, ni MobileNet, ndogo, inafanya kazi kwenye simu ya bei rahisi bila bando. Kwenye majaribio inapatia asilimia 97 ya picha.

Sasa kuna mfanyabiashara wa Kampala anataka kutia pesa, lakini anadai asilimia 40 ya kampuni na anataka niache kazi. Nina watoto shuleni. Je, niache? Na mkulima tumtoze ngapi kwa picha moja? Nilifikiria shilingi 500.

Fundi_Ntinda
Hongera mwalimu. Kabla ya hiyo 40, tuongee hiyo 97. Mashindano ya Kaggle ya picha hizohizo yaliisha 2021, maelfu ya timu kutoka dunia nzima, na washindi waliishia kwenye asilimia 91 hivi. Wewe umewapita ukiwa Tororo na simu ya bei rahisi? Inawezekana, ila mimi nikiona hivyo huwa nauliza kwanza picha za kujaribia zilitoka wapi. Mlichanganya zote kisha mkagawa?

Mwalimu_Tororo
Ndiyo, tulichanganya kisha kompyuta ikachagua yenyewe.

Fundi_Ntinda
Basi hapo ndipo penyewe. Shina moja mmelipiga picha mara kadhaa. Nyingine zimeenda kufundishia, nyingine kujaribia. Modeli inajifunza udongo wa shamba lile na jua la siku ile, halafu mnaipa mtihani wenye maswali iliyokwisha kuyaona. Tenga mashamba mazima ambayo haijawahi kuyaona, ikiwezekana ya wilaya nyingine, upime upya. Mwaka 2016 watafiti walitumia picha za PlantVillage, majani yaliyochumwa na kupigwa picha juu ya meza safi, wakapata zaidi ya asilimia 99. Walipoijaribu modeli ileile kwa picha zilizotoka kwingine, ikaporomoka hadi 31 na kidogo.

Jambo la pili: zaidi ya asilimia 60 ya picha za Kaggle ni batobato. Programu ya kijinga inayojibu "batobato" kwa kila jani ingepita mtihani wa shule nyingi! Kwa hiyo usitupe namba moja, tupe matokeo ya kila ugonjwa peke yake, hasa michirizi.

AfisaUgani_Arua
Mambo ya modeli nawaachia ninyi, muhogo naujua. Mwalimu, mkulima hatakulipa 500, wala 100. Batobato anaiona kwa macho yake. Wazee wa Teso wanakumbuka njaa iliyoleta miaka ya 1990. Halafu ukishamwambia, afanye nini? Virusi havina dawa ya kupuliza. Ni kung'oa na kutafuta mbegu safi.

Michirizi ya kahawia ndiyo hatari, kwa sababu inajificha. Dalili zinakaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, na aina nyingine za muhogo hazionyeshi karibu chochote juu. Mkulima anagundua siku ya kuvuna, akikata mzizi anakuta umeoza ndani. Kamera yako inaona jani, haioni mzizi. Usimwambie mtu kwamba shamba lake ni zima.

Na kumbuka ipo Nuru, programu ya simu ya PlantVillage ya kutambua magonjwa ya muhogo, ya bure, nayo inafanya kazi bila intaneti.

Mwalimu_Tororo
Nuru naijua, nilidhani tutaishinda kwa usahihi. Kumbe nani atalipa?

MbeguSafi_Soroti
Mimi huenda. Nazalisha pingili za aina za muhogo NAROCASS 1 na NASE 14 kwa ajili ya kuuza. Kabla ya kukata, vibarua wanapita mstari kwa mstari wanang'oa mashina yenye dalili, na asubuhi wanaona vizuri, saa nane mchana wanaona mazima matupu. Shina moja bovu likipita linakwenda kuwa mashina mengi kwa mteja wangu, na nzi weupe wanaoeneza virusi wanamalizia kazi. Mtu akipita na simu akaniwekea alama ya kila shina la kutilia shaka, nitamlipa kwa msimu, kwa ekari. Kipimo cha maabara bado nitapeleka, wanunuzi wakubwa hawakubali bila hicho.

Fundi_Ntinda
Mteja ndiye huyo. Asilimia 40 kabla ya mteja wa kwanza ni kuuza ng'ombe kwa bei ya kwato. Usisaini, na usiache kazi. Mashamba ya mbegu yana misimu, shule ina likizo.

Mengine mafupi: ukihamia YOLO ya kampuni ya Ultralytics, modeli inayotafuta vitu ndani ya picha, ili kuhesabu mashina, soma kwanza leseni yake ya AGPL: ama utanunua leseni ya biashara, ama utalazimika kuanika msimbo wa programu yako yote. Na picha yenye jina, simu na mahali alipo mkulima ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Uganda ya ulinzi wa data ya 2019. Jisajilini kwa ofisi ya ulinzi wa data mapema.

Mwalimu_Tororo
Nimewaelewa. Mfanyabiashara nitamwambia asubiri. Mama wa Soroti, naweza kuja kujaribu kwako likizo hii?

MbeguSafi_Soroti
Karibu. Njoo na gambuti, na usije na mwekezaji. Kuna kipande cha muhogo wa miezi mitano, vibarua watapita kwanza, wewe utapita nyuma yao bila kujua walichong'oa wala walichoacha kwa makusudi. Msimu wa kwanza silipi, chakula kipo.