Zamu za mazoezi ya Baba

Zuhura: Jamani, Baba anaanza kutembea Jumatatu. Ni mara tatu kwa wiki. Nataka majina matatu leo.

Zuhura: Tiki za bluu nimeziona. Majina sijayaona.

Mwajuma: Da Zuhura, moyo uliodhoofika si upumzishwe?

Zuhura: Kitanda kinamaliza misuli ya miguu, na mguu dhaifu ndio unaoupa moyo kazi zaidi. Ni hivi: dakika 10 polepole, 5 za mwendo wa kawaida, pumziko la 2, 5 tena, kisha 10 za kupunguza mwendo. Asikatishe ghafla. Damu inabaki miguuni, presha inashuka, anaanguka.

Kassim: Nitakuja na tarumbeta nimpigie gwaride 😂

Mwajuma: 😂😂😂

Rashidi: Mapigo tupime? Saa yangu inasoma.

Zuhura: Saa itakudanganya. Dawa anazomeza zinazuia mapigo kupanda hata akiwa amechoka. Muulize anajisikiaje kwa kipimo cha Borg, kile cha kutaja ugumu wa zoezi kwa namba, 6 hadi 20. Akae kati ya 11 na 13. Na mwongeleshe njiani: akikata neno katikati ili avute pumzi, mmezidisha.

Rashidi: Ile baiskeli ya mazoezi ingetufaa sana. Kama ingerudishwa.

Mwajuma: Rashidi, usianze.

Rashidi: Aliyeichukua anajijua.

Kassim: Kiti kilivunjika! Nimeshasema mara ngapi?

Zuhura: MAJINA. Halafu mizani: kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala, nguo zilezile. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji yanajaa, hata miguu isipovimba. Siku hiyo hakuna kutembea, mnapiga simu kliniki.

Shangazi Mkubwa: Nimesoma yote. Baiskeli iacheni. Kaka yangu anaogopa kutembea, hamjaliona hilo? Mkimwandama kama maiti anayesindikizwa, ataacha. Zuhura asibebe peke yake. Kassim, Jumatano ni yako.

Mwajuma: Shikamoo shangazi.

Kassim: Shikamoo shangazi. Sawa. Saa ngapi?

Zuhura: Saa 4 asubuhi, chakula kiwe kimeshashuka. Ile dawa ya kupuliza chini ya ulimi iwe mfukoni, isibaki kabatini. Kifua kikiuma, mkalishe KWANZA maana dawa hiyo inashusha presha, ndipo apulize mara moja. Dakika 5 zikipita bado kinauma, piga simu ya dharura, usinipigie mimi.

Rashidi: Na yale mazoezi ya kiti?

Zuhura: Kusimama na kukaa, mara 8. Ahesabu kwa sauti anaponyanyuka ili asibane pumzi. Akibana, presha inaruka.

Salim: Samahani, ndiyo naona sasa. Ijumaa ni nani?

Zuhura: Jumatatu mimi, Jumatano Kassim. Ijumaa ni wewe?

Salim: Niangalie zamu za kazini, nitajibu jioni.

Zuhura: Jioni ya leo, Salim. Na mizani anayo nani?

Mwajuma: Iko kwangu. Betri imekwisha.