Mrejesho: binti yangu na ukindu wa mikeka

Wakuu, niliwauliza kuhusu binti yangu wa miaka 6 anayefumua ukili wangu (ule msuko mrefu wa ukindu, yaani majani ya mkindu, ninaoushona kuwa mkeka) ili atengeneze "nyoka". Asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kumpa kikapu chake cha mabaki ya ukindu, nikayalowesha kwanza yalainike yasimchome vidole. Sasa nyoka ana mkia wa njano, na eti anaishi chini ya mkeka ninaoshona. Ukili wangu haujaguswa wiki 3.

Ushauri wa kumfundisha kusuka kwa chane tatu (vipande vyembamba vya ukindu) umegoma. Dakika 5 tu, keshakimbia. Nimeuacha kwanza.

Ila juzi kaniomba niache tundu kwenye mkeka, nyoka apate mlango. Mkeka wa mteja huo! Nimemshonea kamkeka kake, kana tundu.