Laptopu ya HP inajizima na kujiwasha, nibonyeze F11? Niko Masasi

Mchonga_Kinyago: Wakuu, habari za jioni. Nina HP ya zamani, Windows 7. Tangu juzi ukiiwasha inafika kwenye nembo, inajizima, inajiwasha tena, hivyo hivyo mpaka betri inaisha. Nimesikia ukibonyeza F11 inarudi ilivyotoka kiwandani. Nibonyeze? Diski za kurejesha ninazo, DVD tatu, ila ya pili ina mikwaruzo. Naihitaji kesho saa mbili asubuhi.

Babu_Nachingwea: Windows 7 mpaka leo? Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Tafuta mashine nyingine, kijana.

Fundi_Shangani: Babu, hajauliza hilo. Mkuu, kwenye HP F11 inafanya kazi kama ile sehemu ya RECOVERY, yenye nakala ya Windows ya kiwandani, bado ipo kwenye diski ya ndani ya laptopu. Mara nyingi huonekana kama D. Ukikubali kurudisha ya kiwandani, C, yenye Windows na mafaili yako, inafutwa yote. Ndani kuna nini?

Mchonga_Kinyago: Picha za familia na muvi tu.

Mama_Korosho: Pole. Mimi nilikuwa na Toshiba, yenyewe unashikilia sifuri wakati inawaka. Mwanangu wa darasa la tano akashikilia akidhani ni gemu, akawa anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Picha za harusi ya mdogo wangu Newala zikaenda zote. Mpaka leo shemeji akija kwangu hali, anasema ameshiba.

Fundi_Shangani: Muvi haziwezi kukunyima usingizi mpaka saa mbili asubuhi. Sema vizuri.

Mchonga_Kinyago: Haya. Ni ya chama cha msingi, mimi ndiye karani. Ndani kuna orodha ya wakulima na kilo za korosho walizoleta. Karatasi zipo lakini kuziingiza upya ni wiki nzima. Halafu D ilikuwa kila siku inaleta ujumbe kwamba nafasi inakaribia kwisha, nikafuta mafolda makubwa makubwa nikaweka muvi. Sioni kosa, muvi naangalia mapumziko. Na fundi wa stendi nimeshampa elfu kumi ya kianzio, anapiga Windows mpya alfajiri. Nilitaka tu kuokoa hela iliyobaki.

Fundi_Shangani: Umefuta RECOVERY yenyewe! Ile D siyo stoo. F11 sasa haina cha kurudisha.

Mzee_wa_Ghala: Kijana, kilo za watu ni amana. Mkulima amepulizia mikorosho, ameokota, ameanika, wewe unamwekea muvi juu yake. Zamani karani alikuwa na daftari, na daftari halikuwa na F11.

Kaa_Chonjo: Hamjashtuka tu? Karani, orodha ya kilo, anauliza namna ya kufuta, anataka kabla ya saa mbili. Hiyo ni kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo, anapoteza ushahidi.

Chuma_Ulete: Mimi naona chai tu. Mwezi jana mtu kaleta stori hii hii, ila ilikuwa simu na mweka hazina wa kikundi. Halafu laptopu haiwaki, D kujaa aliionaje?

Mchonga_Kinyago: Nimesema tangu JUZI. Kabla ya hapo ilikuwa inawaka. Ningetaka kupoteza ushahidi si ningeitupa kisimani nikanyamaza? DVD ya pili nikiisugua kwa dawa ya meno?

Chuma_Ulete: Dawa ya meno 😂 Chai ya maziwa, tena na tangawizi.

Fundi_Shangani: Chai au si chai, najibu kwa atakayepita hapa akiwa na shida kama hii. Usiguse DVD. Zile kwanza zinafuta diski ndiyo zinaanza kunakili. Ya pili ikikwama umebaki huna Windows na huna orodha. Mpigie fundi wa stendi asiguse kitu. Toa betri, fungua kifuniko cha chini, chomoa diski, iunganishe kwa kebo ya USB kwenye kompyuta nyingine. Ingia C, folda ya Users, nakili orodha. Kebo ikikosekana, washa hiyo hiyo laptopu kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine usiotegemea Windows. Ukishanakili, piga hata Windows kumi.

Mchonga_Kinyago: Na elfu kumi yangu?

Mama_Korosho: Mwanangu!

Mchonga_Kinyago: Nauliza tu, mama.

Mchonga_Kinyago: Wakuu, saa nne hii. Nimempata mwalimu jirani ana kebo. C inaonekana! Faili la Excel lipo, ila nimeanza na muvi kwa sababu ndizo zilikuwa juu.

Fundi_Shangani: Umeanza na nini?

Mchonga_Kinyago: Umeme umekatika.

Fundi_Shangani: Kompyuta ya mwalimu si ina betri?

Mchonga_Kinyago: Ya mezani.