Corolla inakula maji, chini hakuna hata tone

mkaazi_wa_wete: Assalaam alaikum. Nnayo Corolla 110, kila wiki nateremka nayo Mkoani, hapa Pemba, kupokea watu wa boti. Mwezi huu imeanza kuchemsha. Tambarare haina tabu, ila ikipanda vilima mshale unakwea mpaka karibu na wekundu. Asubuhi nikifungua rejeta nakuta maji yamepungua, kiasi cha lita moja kwa siku mbili. Chini ya gari kukavu. Fundi anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba baina ya kichwa cha injini na bloku, imekufa, tuishushe hedi. Pesa hiyo sina, na Ramadhani hiyoo.

kijana_konde: Ng'oa thamostati yakhe, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto! Mie nimeng'oa yangu mwaka wa tatu huu, raha mustarehe.

dada_wa_spea: Huyo asikudanganye, maji yanapotea, thamostati imeingiaje hapo? Tazama kwanza kifuniko cha rejeta. Juu kimeandikwa 0.9 au 1.1, ndiyo presha kinayoshika. Mpira wake ukikakamaa, maji yanachemka mapema na kutokea kwenye kichupa cha akiba. Bei yake haifanani na ya kushusha hedi.

ami_fundi: Waalaikum salaam. Kijana wa Konde, thamostati inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto wake, petroli unaongeza wewe.

Sasa Wete, nijibu. Ukiwasha AC, feni inazunguka? Kijiti cha oili kikoje, au kimekuwa kama chai ya maziwa? Injini ikiwa baridi, fungua rejeta, washa, kanyaga mafuta kidogo: maji yanatoa mapovu mfululizo? Na kifuniko usikiguse injini ikiwa moto. Yale maji yana presha, yanachuna ngozi.

mkaazi_wa_wete: Feni inazunguka. Oili safi. Mapovu hakuna. Kifuniko nimebadilisha jana, maji bado yanapungua.

ami_fundi: Basi hedi iache, kwa kawaida oili na mapovu vingeisema. Mtu wa kiti cha mbele akivua viatu, zulia likoje? Na kioo cha mbele hakifanyi ukungu?

mkaazi_wa_wete: Subhanallah, zulia limelowa! Nilidhani ni maji ya AC. Ukungu upo, mke wangu kila siku anafuta kwa kanga.

ami_fundi: Maji ya AC hayana rangi wala harufu. Tia kulanti ya kijani, ile dawa ya maji ya rejeta, endesha siku moja, kisha kandamiza zulia kwa karatasi nyeupe. Ikitoka kijani na inateleza vidoleni, imetoboka rejeta ndogo ya hita, ile ya nyuma ya dashibodi. Gari hizi zimetengenezwa kwa baridi ya Japani. Sisi hita hatuiwashi, lakini maji yanapita humo, na hakuna anayeikumbuka.

kijana_konde: Kumbe gari zetu zina hita 😂

mkaazi_wa_wete: Kijani tupu! Na kuitoa?

ami_fundi: Kuitoa ni kufumua dashibodi nzima. Kwa sasa iruke. Kuna mipira miwili inaingia kwenye ukuta baina ya injini na ndani. Injini ikiwa baridi, ichomoe kwenye vibomba vyake vya upande wa injini, uviunganishe vibomba hivyo kimoja na chengine kwa kipande cha mpira wa hita na klipu mbili. Usitumie mpira wa kumwagilia bustani, ule unalainika kwa moto na utakuacha njiani. Jaza nusu kulanti nusu maji ya mvua, ya kisima yana chokaa. Paki pua ikitazama juu, kifuniko wazi tangu injini baridi, uwashe mpaka mpira wa juu upate moto na hewa iishe, huku unaongeza.

dada_wa_spea: Kwa Pemba hiyo ndiyo dawa ya kudumu, ami. Nani atakuja kudai hita?

mkaazi_wa_wete: Nimerudi Mkoani leo, watu wanne na mizigo yao. Vilima vyote, mshale haukupita katikati. Klipu moja ilivuja kidogo, nimeikaza. Zulia nimelianika ukutani kwa jirani, harufu yake bado.