Kujichapishia riwaya: nianzie wapi?

Asalaam aleikum. Mswada umekamilika, niko Lamu. Nichapishe nakala ngapi, bei gani?

— Waaleikum salaam ndugu. Omba ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) kwa KNLS, Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya, kwanza. Ukingo wa ndani uwe sentimita 2, ama maneno yatamezwa na mgongo wa kitabu. Nakala 100 za kuanzia zatosha sana.

— Bei ndiyo huua waandishi. Kuchapa na kusafirisha nakala moja kukiwa shilingi 300, ukauza 500, duka likakata asilimia 40, unabaki na 300 zile zile. Uza 800, upate 480. Ukiacha vitabu dukani kwa mali kauli, yaani ulipwe vikishauzwa, andikianeni idadi na tarehe ya malipo, tafadhali!

— Na unyevu wa Lamu: majalada hujikunja. Funga vitabu kwenye plastiki, viinue sakafuni.